Wanaocheka dashibodi za kushonwa Pemba hawajui zilikoanzia

Panda daladala ya Chake Chake kwenda Wete, weka simu mfukoni kidogo, uangalie bampa na dashibodi za magari utakayopishana nayo au utakayopanda. Hukosi kuona mshono. Tundu huku, tundu kule, waya umepita katikati. Watu wa mjini wanapiga picha, wanacheka.

Sasa rudi nyuma kama miaka 2,000. Mfanyabiashara mmoja aliyeandika Kigiriki, jina lake halijulikani mpaka leo, aliacha kitabu cha safari za bahari hii, Periplus. Humo anataja kisiwa cha Menouthias chenye mitumbwi na vyombo vya kushonwa. Wanahistoria bado wanabishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. (Wapemba wana jibu lao tayari.) Mtepe, chombo maarufu cha pwani ya Waswahili, ni wa ukoo huohuo: mbao zinatobolewa, zinashonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, matundu yanazibwa. Msumari hakuna.

Plastiki ilikuja baadaye sana. Magari ya zamani ya visiwani yalikuwa na bodi za mbao, ufa ukitokea anaitwa seremala. Biashara ilipolegezwa miaka ya 1980 zikaanza kumiminika gari za mitumba kutoka Japani, ndani plastiki tupu. Na jua la Pemba linajulikana: plastiki inakauka, inakuwa kama papadi, inapasuka. Kipande kingine mpaka kitafutwe Dar, kipakiwe boti, kishuke Mkoani. Nani anasubiri?

Gundi ndiyo hujaribiwa kwanza. Supagluu, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1958, inashika vizuri plastiki ya ABS. Tatizo ni kwamba vipande vingi vya ndani ya gari ni polipropilini, na hiyo gundi haiishiki. Mashimo mawili matatu ya barabarani, ufa huo umerudi.

Hapo ndipo fundi, naye jina lake halitaandikwa popote, anarudi kwenye kazi ya mtepe bila hata kuwaza mtepe. Anatoboa kitundu kidogo mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea. Anatoboa pande zote mbili, anapitisha waya wa shaba kwa upande wa nyuma usioonekana. Kisha anapasha chuma moto na kuyeyushia juu yake vipande vya kiti cha plastiki kilichovunjika, kwa sababu viti vile vya harusini ni polipropilini hiyohiyo. Akili hiyo!

Kujua yako ni ya gundi au ya kushona, geuza kipande nyuma usome herufi: ABS au PP. Kama hakuna, dondoshea asetoni kidogo mahali palipojificha. ABS inalainika na kunata, PP wala haishtuki. Ila palipoandikwa SRS pasiguswe na sindano wala gundi. Nyuma yake kuna mfuko wa hewa, na kava lile limetengenezwa lipasuke siku ya ajali.