Mavazi na Ukongwe Kazini: Nani Aliweka Kipimo?

Vyama vya wafanyakazi vinapojadili mkataba wa hali bora na waajiri, mishahara hupewa siku nzima, lakini mavazi na ukongwe kazini huachiwa dakika za mwisho. Historia ya Sudan Kusini inaonyesha kwamba mambo haya mawili si madogo.

Tuanze na mavazi. Chini ya Sera ya Kusini ya mwaka 1930, Waingereza walikusudia kuitenga Kusini na Kaskazini. Mwaka 1935 mtawala wa wilaya huko Bahr el Ghazal Magharibi alikataza jalabia kushonwa na kuuzwa. Zishonwe shati fupi zenye kola. Mwaka 1991 serikali ya Khartoum, kinyume chake, iliwaagiza wanawake watumishi wa umma wavae vazi la Kiislamu. Amri hizo zilipingana, lakini aliyevaa hakuulizwa katika yoyote.

Ukongwe uliumiza zaidi. Mwaka 1954, kamati ya kuwapa Wasudani nafasi za Waingereza ilitumia vigezo vya ukongwe, uzoefu na elimu. Kwenye karatasi vilikuwa vya haki. Ila Kusini ilikuwa imenyimwa shule na vyeo kwa miaka mingi, hivyo kati ya nafasi takriban 800, watu wa Kusini hawakupata hata 10. Julai 1955 wafanyakazi 300 wa kiwanda cha pamba Nzara walipunguzwa. Waandamanaji wakapigwa risasi. Mwezi uliofuata askari wa Torit waliasi.

Je, ukongwe uondolewe? Hapana. Bila huo, bosi atampandisha mpwa wake na kumwacha aliyetumikia miaka 20. Tatizo ni saa ya kuhesabu kuanzishwa na upande mmoja.

Swali hili liko hai katika ofisi za Juba, Hai Amarat ikiwemo. Katiba ya mpito ya 2011 ilifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi. Karani aliyefanya kazi kwa Kiarabu miaka mingi anakaa meza moja na kijana aliyesoma Kampala. Miaka ya nani ihesabiwe? Mwaka 2012 nchi iliridhia Mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani, unaolinda majadiliano ya pamoja. Kwa hiyo jibu litoke mezani, wote wawili wakiwepo, lisije tena kama tangazo ukutani.