Majestic ya Vuga: Historia Fupi ya Jumba la Sinema

Kabla Unguja haijapata jumba la sinema la haja, watu walitazama picha katika banda ambalo wenyewe waliliita Sinema ya Bati. Mwenye banda hilo alikuwa Hassanali Jariwalla, mfanyabiashara aliyeanza na maonyesho ya kuhamahama, akatambua mapema kiu ya sinema ya mji wa Unguja. Mwaka 1921 alifungua jumba la Royal, mtaani Vuga. Mchoro ulikuwa wa John Sinclair, ofisa wa utawala wa Kiingereza aliyekuwa pia msanifu majengo. Ndiye aliyechora Mahakama Kuu ya Vuga na makumbusho ya Beit el Amani. Sinema, kwa hiyo, ilijengwa kwa hadhi ya majumba makuu ya serikali.

Royal, iliyokuja kuitwa Majestic, iliteketea kwa moto miaka ya 1950. Mji haukukubali kukaa bila sinema yake. Mwaka 1955 jumba jipya lilisimama palepale, safari hii kwa mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania, msanifu wa hapa Zanzibar, na kwa mtindo wa kisasa wa zama zile.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyoijengea Majestic jina. Jumapili ilikuwa siku ya sinema. Watu walioga, wakavaa nguo zao nzuri, wakajitia manukato, wakatoka na familia nzima. Picha ya Kihindi ikiwa mpya, tiketi ziliisha mapema, na walanguzi wakauza zilizobaki kwa bei ya juu mlangoni. Nyimbo za Awaara ya Raj Kapoor ziliimbwa mitaani hata na wasiojua neno la Kihindi, na Mother India iliwaliza watu wazima. Wanawake walitengewa maonyesho yao, wakakaa kwa starehe na kuzungumzia hadithi watakavyo. Bei ya kiti ilitenganisha wenye nacho na wasio nacho, lakini Mwarabu, Mhindi, Mngazija na Mswahili walicheka na kulia chini ya paa moja. Katika mji uliogawanywa na ukoloni kwa makabila, hilo halikuwa jambo dogo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, majumba ya sinema yalitaifishwa. Watu waliendelea kwenda, ila ushindani ulikuja kutoka nyumbani. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, miongoni mwa za kwanza Afrika, kisha zikaja kanda za video. Fedha za kigeni zilipoadimika, filamu mpya zilipungua na matengenezo yakaahirishwa. Sinema za Empire ya Darajani na Cine Afrique ziligeuka maduka. Majestic ilifungwa, ikaachiwa mvua na chumvi ya bahari, mpaka ukumbi wake ukaharibika vibaya.

Mji Mkongwe, ilimo Majestic, uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu 1998 tamasha la kimataifa la filamu, ZIFF, limekuwa likionyesha filamu Ngome Kongwe, chini ya nyota. Mji wenye tamasha kubwa la filamu ulikaa miaka mingi bila jumba lake la filamu. Ndiyo maana juhudi za taasisi ya Hifadhi Zanzibar na washirika wake, za kuifufua Majestic iwe sinema na kituo cha sanaa, zinastahili kuungwa mkono kwa mikono miwili.

Lakini kuta na paa ni nusu ya kazi. Majestic haikufanywa na chokaa, ilifanywa na waliokuwa wakijaa ndani yake. Tiketi iwe ya bei anayoimudu kijana wa mitaa ya Ng'ambo, si ya mgeni wa hoteli peke yake. Pawe na siku ya wanawake, na filamu za vijana wetu zipewe usiku wa Jumapili, usiku uliokuwa wa heshima kuliko mwingine wote. Jumba hili lilikwisha kufufuka mara moja kutoka majivuni kwa sababu mji ulilitaka. Litafufuka tena, likirudishiwa wenyewe.