Arbroath: Mabao 36 Kando ya Bahari

Arbroath ni mji wa wavuvi, mashariki mwa Scotland. Klabu yake, iliyoanzishwa mwaka 1878, huitwa Red Lichties kwa sababu ya taa nyekundu iliyowaongoza wavuvi kurudi bandarini.

Septemba 12, 1885, katika Kombe la Scotland, Arbroath waliicharaza Bon Accord ya Aberdeen 36–0. John Petrie, kijana wa miaka 18, alipachika mabao 13 peke yake. Ajabu ni kwamba siku hiyohiyo Dundee Harp nao walishinda 35–0!

Uwanja wao wa Gayfield umepakana na Bahari ya Kaskazini. Upepo ukichachamaa, mawimbi hurusha maji ya chumvi hadi kwa mashabiki.

Msimu wa 2021/22, wakiwa na wachezaji wenye ajira nyingine, Arbroath walimaliza wa pili katika ligi ya daraja la pili, nyuma ya Kilmarnock, wakiukaribia mno mlango wa Ligi Kuu.