Redio Imefika, Ufunguo Hauko

Mtu akinunua redio ya zamani ya mawasiliano, zile za chuma zenye uzito wa jiwe la kusagia, mara nyingi hupata kila kitu isipokuwa kimoja. Vali ziko. Kipaza sauti pengine kiko. Waya wa umeme umetafunwa na panya, lakini uko. Kinachokosekana ni ufunguo. Na hapa sizungumzii ufunguo wa mlango. Nazungumzia ufunguo wa Morse, kile kipande cha shaba kilichofungwa juu ya kibao, chenye kirungu cheusi ambacho mtu alikibonyeza ili kutuma nukta na vistari hewani.

Wanaredio wa ridhaa, hawa ambao dunia nzima inawaita HAM, hutumia miezi kutafuta ufunguo unaolingana na redio fulani. Ukiwauliza kwa nini ufunguo ndio hupotea, wanakupa jibu la haraka: ni kitu kidogo, kina plagi yake, unachomoa tu na kuondoka nacho. Kweli. Lakini hata kipaza sauti kina plagi, na mbona hicho hupatikana? Jibu lenyewe liko kwenye swali lingine: ufunguo ulikuwa mali ya nani?

Kwanza tukumbuke kwamba hii habari si ngeni kwetu vile inaonekana. Neno simu lilikuwa telegramu muda mrefu kabla halijawa kile kitu kilicho mfukoni mwako. Asili yake ni Kiajemi, neno lenye maana ya waya. Mtu alipopigiwa simu enzi za babu zetu, aliletewa karatasi, na mara nyingi karatasi yenyewe ilikuwa na habari ya msiba. Waya wa telegrafu ulipanda kutoka Mombasa pamoja na reli, kuanzia 1896 hadi reli ilipogusa ziwa, Kisumu ya leo, 1901. Njiani Wanandi walikata waya huo wakautengenezea mapambo, jambo lililowaudhi sana Waingereza na ambalo mimi, nikisoma leo, naliona kama maoni halali kabisa ya watu ambao hawakuwa wameulizwa chochote.

Sasa turudi kwa ufunguo wenyewe. Mnamo Mei 1844 Samuel Morse alipotuma ujumbe wake maarufu kutoka Washington kwenda Baltimore, kifaa cha kutumia kilitokana na mikono ya msaidizi wake, Alfred Vail, na kilikuwa kitu rahisi mno: utepe wa chuma unaoubonyeza ukagusa chuma kingine. Swichi, basi. Miaka iliyofuata mafundi wa Marekani walikiboresha, na kufikia 1881 James Bunnell alikuwa amepata hataza ya ufunguo wenye mkono wa chuma kimoja, ambao umbo lake bado linaigwa.

Tatizo halikuwa ufunguo. Tatizo lilikuwa kifundo cha mkono. Karani wa telegrafu alibonyeza siku nzima, juu-chini, maelfu kwa maelfu ya mara, na baada ya miaka kadhaa mkono ulianza kukataa. Vidole vinakaza, kiwiko kinawaka, na herufi ambayo jana ilitoka yenyewe leo haitoki. Wamarekani waliuita ugonjwa huo mkono wa glasi. Uingereza iliuingiza mwaka 1908 kwenye orodha ya magonjwa ya kazi yanayolipiwa fidia. Kama unaandika kodi kutwa nzima na umeanza kuhisi kifundo kikilalamika, hao ndio mababu zako.

Karani mmoja wa New York, Horace Martin, alilitatua jambo hili kwa njia ya werevu sana. Hataza yake ya 1904 ilikuwa ya ufunguo unaosukumwa kando badala ya kubonyezwa chini. Ukiusukuma kwa kidole gumba, mkono mwembamba wenye kijiwe cha chuma unaanza kutikisika wenyewe na kutoa nukta mfululizo, tik-tik-tik-tik, hadi uuachilie. Vistari unavitengeneza mwenyewe kwa kidole cha shahada, ukisukuma upande wa pili. Ukitaka nukta ziende haraka, unasogeza kile kijiwe karibu. Ukitaka zipungue kasi, unakisogeza mbali. Martin aliuita Vibroplex. Makarani waliuita mdudu.

Na mdudu haukununuliwa na kampuni. Ulinunuliwa na karani, kwa pesa yake, kwa sababu mkono uliokuwa ukiuma ulikuwa wake. Aliubeba kwenye kisanduku asubuhi, akauchomeka kazini, jioni akarudi nao nyumbani. Akiachishwa kazi, anaondoka nao. Akifa, unabaki kwenye droo ya familia, na wajukuu wanaukuta wasijue ni kitu gani. Ndiyo maana redio ya kituo cha zamani hukutwa haina ufunguo: redio ilikuwa ya mwajiri, ufunguo ulikuwa wa mtu. Vikiachana, vimeachana.

Halafu ikaja Vita ya Pili, na mambo yakageuka. Jeshi la Marekani lilihitaji kufundisha vijana wengi Morse kwa haraka, kwa hiyo likaagiza ufunguo rahisi wa darasani ulioitwa J-38. Waliopewa tenda ya kuutengeneza walikuwa wa kila aina. Mmoja wao alikuwa Lionel, kampuni ya treni za kuchezea watoto. Mwingine alikuwa Ted McElroy wa Boston, bingwa ambaye mwaka 1939 alipokea Morse kwa kasi ya maneno 75.2 kwa dakika, kasi ambayo mtu wa kawaida husikia kelele tu. Vita vilipoisha, funguo hizo ziliuzwa kama bidhaa za ziada za jeshi, bei ya kutupa, na vijana wa Marekani wakajifunzia redio juu yake.

Hapo ndipo tabia moja mbaya ilipoanzia. Redio ikikosa ufunguo wake, mwenye nayo huweka J-38 kando yake na kupiga picha. Ukitazama picha za wakusanyaji utaona J-38 imelala karibu na mitambo ya miaka ya ishirini, karibu na mitambo ya meli, hata karibu na mitambo ya Uingereza ambayo haikuwahi kuiona maishani. Mimi sina shida na mtu anayetumia J-38, ni ufunguo mzuri. Shida ni kuonyesha wawili ambao hawakujuana kana kwamba walioana. Jumba la makumbusho likifanya hivyo bila kuandika chochote kwenye kibao, linadanganya kimyakimya.

Kuna redio ambazo hazikupewa nafasi ya kupoteza ufunguo. Paraset, redio ndogo ya kijasusi ambayo Waingereza waliwapa watu wao katika Ulaya iliyotekwa, ilikuwa na ufunguo umejengwa ndani ya bamba lake la juu. Redio kubwa kidogo iliyokuja baadaye, B2, iliyosanifiwa na John Brown na kufichwa ndani ya sanduku la safari, ilitumia ufunguo wa kuchomeka. Leo mwenye Paraset analala usingizi. Mwenye B2 ndiye anayezunguka kwenye minada.

Na kwa watu hao ufunguo haukuwa pambo. Kila mtu anayetuma Morse kwa mkono ana mwendo wake. Kwa kasi ya maneno 20 kwa dakika, nukta moja huchukua milisekunde 60 hivi, na kistari kinapaswa kuwa mara tatu ya hapo. Kinapaswa. Kiukweli mmoja hurefusha kistari cha mwisho, mwingine hubana nafasi kati ya herufi, mwingine ana kigugumizi kidogo kwenye herufi fulani. Wasikilizaji waliozoea walimtambua mtu kwa mkono wake kama unavyomtambua rafiki kwa kikohozi chake. Idara ya ujasusi ya Uingereza, SOE, ilirekodi mikono ya watumaji wake kabla hawajaruka na miamvuli, ili akitokea mwingine kwenye ufunguo wajue.

Haikutosha. Machi 1942 Wajerumani walimkamata mtumaji wa SOE mjini The Hague, Mholanzi Huub Lauwers, pamoja na redio yake. Wakamlazimisha aendelee kutuma. Mkono ulikuwa wake mwenyewe, kwa hiyo London haikusikia kitu cha ajabu. Lauwers aliacha makusudi alama ya siri aliyofundishwa kuiweka kwenye kila ujumbe, akitumaini kwamba kutokuwepo kwake kungepiga kengele. London haikushtuka. Ikaendelea kutuma watu, nao wakaendelea kupokewa na Wajerumani chini ya miamvuli yao. Takriban 50 waliuawa. Mtu akiniambia ufunguo halisi ndio unaoipa redio ukweli wake, nafikiria hadithi hiyo: ufunguo halisi, mkono halisi, na uongo mtupu.

Huku kwetu redio ya ridhaa ina historia yake, ingawa kwa muda mrefu ilikuwa mchezo wa walowezi na maafisa. Kabla ya uhuru, vituo vya Kenya vilijitambulisha kwa VQ4, Tanganyika VQ3, Uganda VQ5, Zanzibar VQ1. Leo ukisikia 5Z4 hewani, huyo ni Kenya. Mnamo 1947 na 1948 msafiri Mwitaliano Attilio Gatti alipita Afrika Mashariki akielekea milima ya Ruwenzori na msafara uliofadhiliwa na Hallicrafters, watengeneza redio wa Chicago. Ulikuwa msafara na pia tangazo la biashara, la pili pengine kuliko la kwanza. HAM wawili wa Kimarekani walikuja nao, na wenzao duniani kote walikesha wakitafuta kuzungumza nao. Wenyeji wa barabara walizopita wanaonekana kwenye habari zile kama mandhari tu. Lakini askari wa KAR waliokuwa wamerudi kutoka Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana 1944, walikuwa na wapiga-ishara wao miongoni mwao. Vyombo walivyotumia vilikuwa vya serikali na vikabaki vya serikali. Hakuna droo ya familia ya kukuta kitu.

Basi, umeipata redio, ufunguo hauko, unafanyaje? Kumbuka ni swichi. Watu wametengeneza funguo nzuri tu kwa kipande cha blade ya msumeno wa chuma, skrubu mbili na kibao. Fundi yeyote wa Luthuli Avenue anaweza kukuunganishia plagi kabla chai haijapoa. Lakini kuna hatari moja ambayo vijana wa redio za kisasa hawaijui. Katika mitambo mingi ya vali ufunguo hukata njia ya kathodi, na ukiwa umeachiliwa unaweza kuwa na volti 100 na zaidi kati ya vyuma vyake viwili. Vyuma hivyo viko wazi, na vidole vyako viko pale pale. Wazee waliunganisha ule mkono wa ufunguo upande wa ardhi na wakashika kirungu tu. Na ukijaribu kuchomeka kifaa cha kielektroniki cha siku hizi moja kwa moja kwenye mtambo kama huo, transista yake itakufa bila kuaga. Weka rilei katikati.

Ukipata ufunguo wa zamani wenye kutu, acha msasa. Ncha zinazogusana mara nyingi zina fedha, na msasa huzikwangua. Bana karatasi safi kati yake, ivute taratibu, rudia. Ukipata Vibroplex isiyokamilika, una bahati, kwa sababu jina hilo bado linatengeneza funguo na vipuri. Kibao chenye namba ndicho kisichorudi. Wapo wanaouza vibao vipya vya kuigiza, na mdudu wenye kibao cha kuigiza ungekuwa na heshima zaidi bila kibao.

Hakuna anayelazimishwa tena. Meli ziliacha Morse Februari 1999, mfumo mpya wa dharura ulipoanza rasmi. Mwaka 2003, mkutano wa dunia wa mawasiliano mjini Geneva uliziachia nchi uamuzi kuhusu mtihani wa Morse kwa leseni ya HAM, na Marekani ikaufuta 2007. Wengi walitabiri kwamba funguo zingeishia kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Badala yake bei zilipanda, maana kinachofanywa kwa hiari hufanywa na wanaokipenda.

Kila ufunguo una skrubu mbili za kurekebisha: moja ya nafasi kati ya ncha, moja ya ugumu wa springi. Kila moja ina nati ya kuikaza isisogee. Ufunguo uliotoka kwenye droo ya mtu huja na skrubu hizo zimekazwa pale alipoziacha, kwa upana wa mkono wake. Wakusanyaji wengine hawazigusi kamwe. Wengine huzilegeza siku hiyo hiyo, wakaweka zao, wakaita stesheni ya kwanza.