Bendi ya Mistari ya Manjano na Nyeusi

Huko California, Marekani, ndugu wawili, Michael na Robert Sweet, walikuwa na bendi ya roki nzito, jina lake Roxx Regime. Mwaka 1983 waliazimu kumwimbia Kristo, wakaiita Stryper, kwa ajili ya mapigo yatajwayo katika Isaya 53:5. Maana kwa Kiingereza neno moja ni mstari, tena ni alama ya fimbo. Basi wakavaa mistari ya manjano na nyeusi, wakawarushia watu Agano Jipya toka jukwaani.

Wakapata wapinzani pande mbili: wahubiri wengine walisema magitaa yale ni ya Shetani, na wapenzi wa magitaa waliwacheka kwa dini yao. Walakini sahani yao ya mwaka 1986 iliuzwa zaidi ya milioni moja.

Mwaka 1990 waliiacha mistari, na nyimbo zao hazikumtaja Mungu waziwazi. Rafiki wengi walihuzunika. Mwaka 1992 Michael akaondoka. Mwaka 2003 wakakusanyika tena.

Nasi tukumbuke kwamba ngoma zetu pia zilikatazwa kanisani zamani, na leo twazipiga katika ibada. Basi kabla hatujahukumu chombo, tumwangalie mpigaji.