Machozi ya Yvonne

Kila nikiitazama Casablanca, filamu ya 1942, macho yangu huwaacha Humphrey Bogart na Ingrid Bergman (mrembo kweli, nani atabisha?) yakamwendea Yvonne, yule msichana wa baa. Wateja wanapouimba wimbo wa taifa la Ufaransa hadi sauti za maofisa wa Kijerumani zikamezwa, Yvonne analia. Bana, machozi yale si ya kuigiza tu. Mwigizaji ni Madeleine Lebeau. Mwaka 1940 yeye na mumewe Marcel Dalio, Myahudi, waliikimbia Ufaransa Wajerumani walipoivamia.

Dalio naye yumo: ndiye anayeendesha meza ya kamari. Mwangalie vizuri. Mwaka 1937 alikuwa nyota katika La Grande Illusion ya Jean Renoir. Hapa kapewa maneno machache, na jina lake halikuandikwa hata.

Na Meja Strasser, yule Mnazi? Ni Conrad Veidt, Mjerumani aliyehama kwao 1933 kwa sababu mkewe alikuwa Myahudi. Huko ukimbizini, kazi aliyopata ni kuvaa gwanda la waliomfukuza. Alifariki 1943, vita bado vinaendelea.