Shule za Uhuru za Mississippi
Katika jimbo la Mississippi, vijana Weusi walisoma historia ya Marekani ambayo karibu haikuwataja wazee wao ila kama watumwa. Mwishoni mwa 1963 Charles Cobb, mwanaharakati wa SNCC, kamati ya wanafunzi iliyopigania haki za Weusi, alipendekeza shule za kiangazi. Mwaka 1964 zikafunguliwa takriban 40, nyingi makanisani, zikapata wanafunzi zaidi ya 2,000. Mwalimu hakutoa hotuba. Aliuliza maswali, akiwaongoza kulinganisha shule zao, nyumba zao na kazi za wazazi wao na zile za Wazungu. Somo la uraia lilistahili kufundishwa hivyo tangu awali. Agosti, wajumbe wa wanafunzi wa shule hizo walikutana mjini Meridian wakaandika madai yao: haki ya kupiga kura, elimu, makazi, afya na ajira.